Kunyoosha shingo kwa mikono: msaada wake na hatari yake

Maumivu ya shingo yasiyoisha ni moja ya malalamiko tunayosikia sana tunapowatembelea washirika wetu, iwe Goma na Bukavu, iwe vijijini. Mama amebeba mizigo miaka ishirini kwa mshipi unaopita kwenye paji la uso. Fundi wa kushona ameinamia mashine yake tangu asubuhi. Motari anarudi jioni baada ya kutwa nzima ya mawe na mashimo. Wote wanasema shingo imekauka kama mti. Na karibu wote wamekwisha kupata shauri lile lile: nenda kwa fulani, ataivuta, italia, utapona.

Makala hii inaeleza uvutaji huo ni nini, ulitoka wapi, uchunguzi wa waganga umeonyesha nini, na ni mgonjwa gani asiyefaa kuguswa shingo. Sisi ni wachungaji, si waganga. Lakini katika sehemu zetu mgonjwa mara nyingi hupita kwanza nyumbani kwa mchungaji kabla ya kufika kituo cha afya, na neno tunalomwambia siku ile linaweza kumpeleka mahali pazuri au pabaya.

Shingo ilivyojengwa

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Kinakaa juu ya pingili 7 za shingo, mifupa midogo iliyopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili nyingi kuna diski, kitu laini kinachopokea uzito kama mto. Pingili mbili za juu kabisa hazifanani na nyingine: ya kwanza inabeba fuvu, ya pili ina jino la mfupa ambalo ya kwanza huzunguka juu yake. Karibu nusu ya mzunguko wote wa kichwa, tunapotazama kushoto na kulia, unafanyika hapo kati ya hizo mbili.

Katikati ya pingili hupita uti wa fahamu, ile kamba laini inayotoka kwenye ubongo na kupeleka amri kwa mikono, miguu, kibofu na viungo vingine. Ubavuni, ndani ya matundu madogo ya mifupa yenyewe, hupanda mishipa miwili ya damu, mmoja kila upande, inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Inapofika juu inajipinda kuzunguka pingili ya kwanza kabla ya kuingia ndani ya fuvu. Tunaomba msomaji akumbuke pindo hilo, maana ndilo litakaloturudisha kwenye neno la hatari.

Waganga husema maumivu ni ya kudumu yakipita miezi 3. Kwa watu wengi wa namna hiyo hakuna ugonjwa mmoja unaoonekana. Ni misuli iliyochoka, viungo vilivyokakamaa, kazi ya mkao mmoja, usingizi mbaya, na mara nyingi moyo wenye hofu. Katika miaka hii ya vita na kukimbia makwao, wa mwisho huyu hatuwezi kumsahau. Mtu anayelala akisikiliza risasi hukaza mabega usiku kucha, na asubuhi shingo yake inamweleza.

Picha za mashine nazo zinaweza kudanganya. Mwaka 2015 wachunguzi wa Japani walitangaza matokeo ya picha za shingo za watu 1211 ambao hawakuwa na malalamiko ya shingo. Zaidi ya watu 8 katika 10 walionekana wana diski iliyotokeza kidogo. Hao walikuwa wazima, wanaendelea na kazi zao. Kwa hiyo ndugu anayerudi na radiografia mkononi akisema "wameniambia mifupa imechakaa" asifikiri amehukumiwa. Mifupa huchakaa kama vile nywele zinavyopata mvi.

Kuvuta kwa ghafula na kusogeza polepole

Kuna kazi mbili za mikono ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kusogeza kiungo polepole. Mtaalamu anashika shingo, anaipeleka mbele na nyuma kidogo kidogo ndani ya mwendo wake wa kawaida, na mgonjwa anaweza kusema "basi" wakati wowote. Ya pili ni msukumo wa haraka: mtaalamu anafikisha kiungo karibu na mwisho wa mwendo wake, kisha anakisukuma kwa ghafula, umbali mdogo sana, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mgonjwa hana nafasi ya kuzuia. Hiyo ya pili ndiyo inayotoa mlio, na ndiyo watu wanayoisifia.

Mlio ule si mfupa unaorudi mahali pake. Ndani ya kiungo mna majimaji yanayokilainisha. Kiungo kikitanuliwa kwa ghafula, nguvu ndani yake hupungua na pango la hewa hutokea katika majimaji hayo, kwa sauti. Ni jambo lile lile la mtu anayealisha vidole vyake akiwa anasubiri ibada ianze. Baada ya hapo kiungo hicho hakilii tena kwa muda wa dakika 20 hivi. Kwa hiyo fundi anayesema "umesikia? mfupa umerudi" anasema kitu ambacho sauti haiwezi kushuhudia. Na kama mlio haukutoka, hakuna sababu ya kurudia kwa nguvu zaidi.

Kwa nini basi mtu huona nafuu? Msukumo unaamsha fahamu za misuli na viungo, na kwa muda ubongo unapunguza habari za maumivu. Misuli iliyokaza hulegea. Kuguswa na mtu anayekusikiliza nako kuna nguvu yake, wala hatulidharau.

Historia yake kwa ufupi

Kazi hii ni ya zamani. Waganga wa Ugiriki wa nyakati za Hippocrates, karne kadhaa kabla ya Kristo, walivuta na kukandamiza migongo ya wagonjwa juu ya ubao. Vijiji vingi vya dunia vilikuwa na mvuta mifupa wao, na vya kwetu havikukosa.

Namna tunayoikuta leo katika vitabu ilianza Marekani katika karne ya 19. Andrew Taylor Still, mwana wa mhubiri wa Kimetodisti, alitangaza osteopati mwaka 1874 na kufungua shule yake Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akiponya kwa sumaku, alianzisha kiropraksia mwaka 1895 huko Davenport, Iowa. Inasimuliwa kwamba alisukuma pingili ya mfanyakazi wa usafi aliyeitwa Harvey Lillard, na masikio yake yaliyokuwa yameziba yakafunguka. Kutoka hapo Palmer alifika mbali sana: katika kitabu cha mwaka 1910 aliandika kwamba magonjwa 95 katika 100 hutokana na pingili zilizohama, na alifundisha kwamba ndani ya mwili kuna akili ya asili inayopita katika fahamu na kuzuiwa na pingili hizo.

Tuseme wazi: dai hilo halikuthibitishwa. Malaria haitoki kwenye pingili, wala kisukari, wala utasa. Wataalamu wengi wa kiropraksia siku hizi wameachana nalo na kujishughulisha na maumivu ya mgongo na shingo tu. Lakini bado wapo wanaolitangaza katika video za simu, na vijana wetu wanazitazama. Mtu akikuahidi kuponya presha au kifafa kwa kuvuta shingo yako, ondoka ukiwa bado unatembea.

Uchunguzi umeonyesha nini

Mwaka 2015 kundi la wachunguzi wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima utafiti wa tiba, lilichungua majaribio 51 yenye wagonjwa 2920 wa maumivu ya shingo. Walichokuta kinaweza kuelezwa kwa maneno machache. Msukumo wa haraka na kusogeza polepole vilileta matokeo yanayofanana. Msukumo wa sehemu ya juu ya mgongo, chini ya shingo, nao unaweza kupunguza maumivu ya shingo. Na ubora wa majaribio mengi ulikuwa mdogo, hivi kwamba wachunguzi wenyewe hawakutaka kuapa.

Neno hilo la kwanza tunaliona kuwa kubwa. Ikiwa njia ya polepole inafikisha mtu pale pale, kwa nini achague ile ya ghafula, tena kwa mtu ambaye hajui amesomea wapi?

Kuna majaribio mawili ya Marekani, jimbo la Minnesota, yanayofaa kutajwa. La kwanza, lililotangazwa mwaka 2001, lilikuwa na wagonjwa 191 wenye maumivu ya kudumu. Wengine walipewa msukumo peke yake, wengine msukumo pamoja na mazoezi ya kuimarisha shingo, wengine mazoezi ya nguvu kwenye mashine. Tiba ilidumu majuma 11. Walipofuatiliwa baada ya hapo, mwaka wa kwanza na hata wa pili, waliofanya mazoezi walikuwa na hali nzuri kuliko waliosukumwa tu.

La pili, la mwaka 2012, lilikuwa na watu 272 ambao maumivu yao yalikuwa ya majuma 2 hadi 12, yaani hayajawa ya kudumu. Kusukumwa kulishinda dawa. Lakini kundi la tatu, waliofundishwa mazoezi ya nyumbani katika vipindi viwili tu vya saa moja moja, lilikuwa karibu sawa na waliosukumwa. Vipindi viwili! Mama wa Masisi au Walungu hawezi kupanda gari kila juma kwenda mjini kuvutwa shingo, lakini anaweza kwenda mara mbili, akajifunza, na kuendelea nyumbani kwake bila kulipa franka.

Hatari

Karibu nusu ya wanaosukumwa shingo husikia maumivu mapya, uchovu au kuumwa kichwa, na kwa kawaida hayo hupita ndani ya siku moja au mbili. Hiyo si hatari inayotufanya tuandike.

Ile mishipa miwili tuliyoitaja inaweza kuchanika ukuta wake wa ndani shingo inapozungushwa kwa nguvu. Damu huganda pale penye jeraha, kipande kikatoka na kuziba mshipa wa ubongo. Huo ni AVC, kiharusi, na huweza kumkuta hata kijana wa miaka 30. Jambo hili ni nadra. Lakini likitokea halina kurudi nyuma, na sehemu kubwa ya hospitali zetu hazina skana ya kuliona mapema.

Wachunguzi wamebishana sana juu ya jambo hili. Huko Ontario, Kanada, walichungua viharusi 818 vya mishipa hiyo kati ya mwaka 1993 na 2002. Walikuta kwamba kwa watu chini ya miaka 45, waliopatwa na kiharusi walikuwa wamekwenda kwa wataalamu wa kiropraksia siku chache kabla zaidi kuliko watu wengine. Lakini walikuta pia uhusiano kama huo kwa waliokwenda kwa daktari wa kawaida, ambaye hakuvuta shingo ya mtu. Maelezo yao ni kwamba mshipa unaoanza kuchanika wenyewe huleta maumivu ya shingo na kichwa, na maumivu hayo humpeleka mtu kutafuta msaada. Chama cha Marekani cha magonjwa ya moyo kilisema mwaka 2014 kwamba hatari huenda ni ndogo, lakini mgonjwa aambiwe kabla ya kuguswa. Sisi tunaongeza hili: hata kama mshipa ulikwisha kuanza kuchanika, kuuvuta hakutausaidia. Maelezo ya Ontario yanamtetea mtaalamu anayejua kuuliza kwanza. Hayamtetei yule anayeshika kichwa cha mtu na kukikunja bila neno.

Maumivu ya shingo au kichwa yaliyoanza ghafula, makali, yasiyofanana na yale ya siku zote, ni ya hospitali. Vivyo hivyo kizunguzungu kipya, kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito, shida ya kumeza, uso uliokufa ganzi, kope lililoshuka, kuyumba kama mlevi.

Kwetu kuna jambo lingine ambalo vitabu vya Ulaya havilisemi sana: kifua kikuu cha uti wa mgongo. Vijidudu vya kifua kikuu huweza kutoka mapafuni na kula mifupa ya pingili. Mara nyingi hukaa chini, mgongoni na kiunoni, lakini shingo nayo hufikiwa. Mgonjwa anaweza kuwa hakohoi kabisa. Anaumwa majuma na miezi, hasa usiku, anapungua mwili, anatoka jasho, anapata homa ya jioni. Tunamfahamu mama mmoja aliyevutwa shingo mara tatu na jirani mwenye sifa, kila mara akilipa kuku, mpaka mikono ikaanza kulegea asishike jembe. Hospitalini walikuta pingili imeliwa. Alipewa dawa za kifua kikuu, ambazo katika nchi yetu hutolewa bure, akavaa kola ya kushikilia shingo miezi mingi, na leo anatembea. Pingili iliyooza ikisukumwa inaweza kuvunjika na kubana uti wa fahamu, na mtu akapooza tangu shingo kwenda chini.

Homa pamoja na shingo iliyokakamaa, mwanga ukiumiza macho, ni alama ya meninjitisi. Hapo msingojee hata kesho, na mtoto ndiye wa haraka zaidi. Aliyeanguka kutoka mtini au kwenye moto asivutwe kabla ya kupigwa picha. Mtu ambaye mikono imekuwa dhaifu, vifungo vya shati vinamshinda, miguu inakwamakwama au mkojo unatoka bila amri, huyo uti wake wa fahamu unabanwa. Wazee wenye mifupa dhaifu, wenye baridi yabisi ya muda mrefu, wenye saratani, na wale waliotumia dexamethasone kwa miezi wakinunua wenyewe dukani: wote hao shingo zao si za kusukuma.

Katika vyumba vya maombi

Neno hili ni kwa watumishi wenzetu. Kumwekea mgonjwa mikono ni jambo moja, kushika kichwa chake na kukitikisa au kukikunja kwa nguvu ili "kitoke" ni jambo lingine. Hatukuti mahali katika Maandiko ambapo mgonjwa alipaswa kuvutwa shingo ili aponywe. Mhudumu wa maombi hajui kama mbele yake yuko mtu mwenye pingili iliyoliwa. Mkono uwekwe begani, kwa upole. Na mtu mwenye alama tulizozitaja asizuiwe kwenda hospitalini mpaka mfungo uishe.

Nani afanye kazi hii, na nyumbani tufanye nini

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2005 lilisema mtaalamu kamili wa kiropraksia anahitaji masomo yasiyopungua saa 4200, miaka minne hivi. Watu wa namna hiyo ni haba sana kwetu. Wale tulio nao ni watu wa kinesiterapi, ambao wengi huwaita kine, na hospitali kadhaa kubwa za miji yetu, zikiwemo za makanisa, zina huduma hiyo. Kine mzuri atauliza maswali mengi kabla ya kugusa: ulianguka? una homa? mikono ina nguvu? unatumia dawa gani? Atakuambia atafanya nini na kungoja ukubali. Ukimwambia hutaki kuvutwa kwa ghafula, hatakasirika. Kinyozi anayezungusha kichwa cha mteja baada ya kumnyoa hajauliza hata moja ya maswali hayo, na heri kumwambia mapema, "Ndugu, nywele tu."

Kwa maumivu ya kawaida ya kudumu, yasiyo na alama za hatari, mazoezi haya hayahitaji chombo. Keti wima, rudisha kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, kama mtu anayetaka kufanya kidevu cha pili. Hesabu hadi 5, achia, rudia mara 10. Weka kiganja kwenye paji la uso, kichwa kisukume mbele na mkono ukizuie kisisogee. Kisha ubavu huu, na ule, na kisogoni. Vuta mabega nyuma mpaka mifupa ya bega ikaribiane. Geuza kichwa polepole, kushoto na kulia, hadi pale kinapokubali. Fanya hivyo asubuhi na jioni, kwa majuma 6 angalau kabla ya kusema hayafai. Kuumwa kidogo kwenye misuli si neno. Maumivu yanayoteremka mkononi kama umeme ni ishara ya kuacha na kwenda kumwona mwuguzi.

Kitambaa cha maji ya moto husaidia. Paracetamol inaweza kutumika kwa siku chache. Diclofenac na ibuprofeni zinazonunuliwa kwa vidonge viwili viwili sokoni huchoma tumbo, huumiza figo na kupandisha presha, hasa kwa wazee. Fundi wa kushona na ainuke kila nusu saa. Simu iinuliwe ifike usoni, si uso uteremke kwenye simu.

Kuhusu mzigo, tunajua ni rahisi kusema "punguza". Mama anayebeba kilo 50 za mkaa hafanyi hivyo kwa kupenda, na akibeba nusu atapata nusu ya fedha. Katika makanisa mengine akina mama wameanza kuchangia kulipia mkokoteni au chukudu mmoja kwa mizigo ya siku ya soko. Wenye nguvu katika nyumba, baba na vijana wa kiume, wanaweza pia kuuchukua mzigo huo mara mbili kwa juma, wakati shingo ya mama iko katika majuma yake 6 ya mazoezi.